Kangaga Lililojipanda Chunguni

Mazungumzo kwa wenye vitalu vya miche, wahudumu wa ofisi na wakaazi wanaotunza maua ya ndani



Kisa huanza hivi. Mtu amenunua mche wa dracaena kando ya barabara, akauweka sebuleni karibu na dirisha. Baada ya miezi kadhaa anaona juu ya udongo kitu cha kijani ambacho hakukipanda. Mwanzoni ni kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, bapa, kimelala kabisa. Kisha hapo hapo kinachomoza kijani kilichojikunja mfano wa mkia wa kinyonga, kinajikunjua siku baada ya siku, na mwishowe kuna kangaga zima chunguni. Mwenye nyumba anamuuliza mkewe, anawauliza watoto. Kila mtu anakana. Basi anarudi kwa muuza miche na kulalamika kwamba aliuziwa magugu.

Muuza miche naye mara nyingi hana jibu. Mmoja ataomba radhi na kumpa mteja mche mwingine, hasara ikabaki kwake. Mwingine atanunua dawa ya kuua magugu na kuinyunyizia kitalu kizima, na wiki mbili baadaye miche aliyotarajia kuuza inageuka manjano. Fedha hizo zote zinapotea kwa sababu ya mmea ambao haukufanya kosa lolote, isipokuwa kuota mahali palipoufaa.

Neno kangaga huenda si geni kwa wote, ingawa wenyeji wa nyanda za juu wana majina yao kwa lugha za nyumbani, na wauza maua wengi hutumia jina la Kiingereza. Ni ule mmea wenye majani yaliyochanwa kama kitana, unaoota kando ya vijito, kwenye kuta za mawe zenye unyevu na chini ya tangi la maji linalovuja. Ile mimea yenye majani membamba kama nyuzi ambayo hutiwa kwenye mashada ya arusi si makangaga hata ikiuzwa kwa jina hilo. Hiyo ni asparagasi. Huchanua na kuzaa vitunda. Kangaga halichanui, halizai tunda, wala halina mbegu.

Hapo ndipo fumbo lilipo. Mmea usio na mbegu umefikaje ghorofa ya tatu, ndani ya chumba chenye dirisha lililofungwa?

Jibu liko chini ya jani. Kangaga lililokomaa likigeuzwa huonekana madoa ya kahawia yaliyojipanga kwa mistari au kwa vidoti. Wengi hudhani ni kutu au wadudu gamba, wakakimbilia dawa. Hayo ni maghala ya spora, yaani vumbi la uzazi la mmea wenyewe. Jani hilo likilazwa juu ya karatasi nyeupe usiku mmoja mahali pasipo upepo, asubuhi karatasi huwa imechorwa umbo la jani kwa unga wa kahawia. Kila punje ya unga huo ni ndogo kuliko sehemu moja ya kumi ya milimita, na mmea mmoja huweza kumwaga mamilioni. Vumbi kama hilo hupita dirishani, husafiri kwenye nguo na kwenye viatu, hukaa ndani ya udongo mkavu kwa miaka likingoja maji. Kwa hiyo swali la nani amelileta halina faida kubwa. Spora ziko karibu kila mahali. Swali lenye faida ni kwa nini zimeota kwenye chungu hiki na si kile kilicho kando yake.

Wazungu wa zamani nao walisumbuka na fumbo hili. Kwa karne nyingi Ulaya palikuwa na imani kwamba kangaga lina mbegu zisizoonekana, na kwamba anayezibeba mfukoni naye haonekani. Aliyelitatua kwa vitendo alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi Jamaica, John Lindsay. Aliona makangaga machanga yakiota kwenye ardhi tupu baada ya mvua, akachukua vumbi la jani, akalipanda katika chungu cha maua, akawa anatazama udongo kwa hadubini hadi lilipoota. Taarifa yake ilichapishwa London mwaka 1794.

Kisa cha pili kinafaa kukumbukwa na kila mwenye chungu. Mnamo mwaka 1829 daktari mwingine, Nathaniel Ward wa London, alitaka kumwona nondo akitoka kwenye kifukofuko chake. Alikiweka ndani ya chupa yenye udongo wenye unyevu, akaifunga kifuniko. Wakati huo alikuwa amejaribu mara nyingi kukuza makangaga bustanini kwake, yakawa yanakufa kwa moshi wa mji. Ndani ya chupa, bila kupandwa na mtu, pakaota kangaga dogo na jani la nyasi. Viliishi humo karibu miaka 4 bila kutiwa maji, mpaka kifuniko kilipopata kutu na mvua ikaingia.

Kutokana na chupa hiyo Ward alitengeneza masanduku ya kioo ya kusafirishia mimea hai kwa meli. Mwaka 1833 masanduku mawili yalisafiri hadi Sydney, Australia, na mimea ikafika salama. Katikati ya karne hiyo masanduku ya namna hiyo yalitumika kuhamisha maelfu ya miche ya chai kutoka China hadi India, na ni kutoka India ndiko chai ilikoletwa Limuru mwaka 1903. Mkulima wa Limuru anayelaani kangaga kitaluni ana deni kidogo kwa kangaga la chupani.

Lakini kilicho muhimu kwa mwenye chungu ni hali ya ndani ya ile chupa: unyevu usiokatika, kivuli, na hewa iliyotulia. Spora ikipata hayo matatu huota, lakini haitoi kangaga moja kwa moja. Kwanza hutoa kile kijani bapa kilichotajwa mwanzoni, chenye umbo la moyo, ambacho mara nyingi hakifiki upana wa sentimita moja. Juu yake huwa kuna viungo vya kiume na vya kike. Chembe ya kiume haina upepo wa kuibeba wala nyuki wa kuisaidia. Ni lazima iogelee hadi kwenye yai. Huogelea katika utando wa maji mwembamba kama jasho juu ya ngozi. Udongo wa juu ukikauka kwa siku chache, safari hiyo haifanyiki na kangaga halizaliwi.

Hivyo kila kangaga lililojipanda chunguni ni shahidi. Linathibitisha kwamba udongo wa juu wa chungu hicho ulikaa na maji kwa wiki nyingi mfululizo. Lenyewe halina sumu ya kuua mche ulio kando yake, na mizizi yake ni myembamba, haina nguvu ya kuusonga mche mkubwa. Anayelipenda anaweza kuliacha, au kulihamishia chungu chake. Ila kama mmea mwenyeji ni wa nchi kavu, ushahidi huo unapaswa kusikilizwa haraka.

Mfano mzuri ni sansevieria, ule mmea wa majani marefu magumu yenye michirizi ambao umejaa katika ofisi za mapokezi. Jamaa zake wengi ni wenyeji wa sehemu kavu za Afrika Mashariki, na huvumilia wiki kadhaa bila maji. Sasa fikiria maisha yake ofisini. Mhudumu wa usafi huumwagilia asubuhi kwa sababu ni kazi yake. Karani huumwagia maji yaliyobaki kwenye gilasi saa sita. Mlinzi wa zamu ya usiku, kwa huruma tu, huumwagilia jioni. Hakuna mwenye nia mbaya hata mmoja, na kila mmoja anaamini wenzake wameusahau. Kangaga likichomoza hapo, mizizi ya sansevieria huenda tayari imeanza kuoza.

Kuna dalili nyingine zinazoandamana nalo. Vijinzi vidogo vyeusi huruka juu ya udongo chungu kikiguswa. Hivyo hutaga mahali penye unyevu na mabuu yake hula kuvu na mizizi laini. Udongo hunuka kama kinamasi. Majani ya chini huwa manjano, na mwenye mmea akidhani ni kiu huongeza maji. Hapa ndipo mimea mingi ya ofisi hufia: majani ya mmea wenye mizizi iliyooza hunyauka sawasawa na ya mmea wenye kiu.

Kupima ni rahisi. Kidole kikitiwa udongoni hadi pingili ya pili na kikatoka na unyevu, maji yasiongezwe. Chungu kiinuliwe, kitundu cha chini kitazamwe. Vyungu vingi vya kupendeza vya kauri vinavyouzwa madukani havina tundu kabisa, na ule mfuko wa miche huwa umetumbukizwa tu ndani yake. Ukitolewa hukutwa umesimama ndani ya maji. Katika ofisi, dawa bora ni kumteua mtu mmoja tu wa kumwagilia, na jina lake liandikwe kwenye karatasi ukutani. Inaonekana kama mzaha, lakini huokoa mimea kuliko mbolea yoyote.

Kuliondoa kangaga lenyewe si kazi. Hung'olewa kwa vidole pamoja na mizizi yake, kisha sentimita mbili za udongo wa juu huparuliwa, kwa sababu vile vijani bapa vilivyobaki vitatoa makangaga mengine. Juu yake huwekwa tabaka la kokoto ndogo au mchanga mkubwa uliooshwa, ambalo hukauka upesi. Dawa ya kuua magugu isitumike chunguni. Haichagui, na mmea wa ndani hauna mahali pa kuikimbilia. Wanaopendekeza chumvi nao wasisikilizwe. Chumvi haitoki udongoni kwa urahisi, na itaumaliza mche kabla ya kangaga.

Kwa wenye vitalu jambo lina uzito zaidi, kwa kuwa kaunti hii ina hali ya hewa zaidi ya moja. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti ukungu huweza kukaa mpaka adhuhuri. Kitalu kilichofunikwa kwa neti nyeusi huko ni ile chupa ya Ward iliyopanuliwa. Mwenzake wa Juja, chini na penye joto, anaweza kumwagilia mara mbili kwa siku na asione kangaga mwaka mzima. Kwa hiyo muuza miche wa Limuru asinakili ratiba ya maji ya Juja. Msimu wa ukungu anywesheleze asubuhi badala ya jioni, ili udongo wa juu ukauke kabla ya usiku. Atenganishe mifuko ili hewa ipite. Na neti ikiwezekana ifunguliwe upande mmoja siku zinapokuwa na jua.

Udongo unaweza kusafishwa kwa mvuke. Pipa la chuma huwekwa maji kiasi chini, wavu juu ya maji, udongo wenye unyevu kidogo juu ya wavu, kisha kifuniko na moto. Udongo ukifika nyuzijoto 80 hivi na kukaa hapo kwa nusu saa, mbegu nyingi za magugu, spora na vimelea vya kuoza mizizi hufa. Njia ya kuufunika udongo kwa karatasi ya plastiki angavu juani kwa wiki 4 hadi 6 hufaa Juja na Thika wakati wa kiangazi. Limuru mwezi Julai ni kupoteza muda.

Sasa kuhusu udongo wenyewe, na hapa lugha haina budi kuwa ya wazi. Miche mingi inayouzwa kandokando ya barabara imepandwa katika udongo mweusi uliochotwa msituni. Wachotaji huusifu kuwa hauhitaji mbolea, na ni kweli una rutuba. Huja pia na spora za makangaga yote ya msitu huo, pamoja na mbegu, mayai ya konokono na vimelea vya mizizi. Mtu akiona makangaga ya aina tatu yakichomoza katika kila mfuko wa kitalu kipya, si rahisi kuamini kwamba yote yaliletwa na upepo. Ushahidi huo peke yake hautoshi kumhukumu mtu, lakini mnunuzi mwerevu ataanza kuuliza maswali.

Tabaka hilo jeusi ndilo linaloshika maji ya mvua katika misitu ya Lari, na ndilo linaloyaachia mito polepole wakati wa kiangazi. Sentimita chache hujengeka kwa miaka mingi mno. Jembe na gunia huliondoa asubuhi moja. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, udongo ni sehemu ya mazao ya msitu, na kuuondoa bila kibali ni kosa. Hali kadhalika vigogo vya makangaga makubwa yanayosimama kama miti mabondeni, ambavyo baadhi ya watu huvikata ili kuoteshea okidi. Makangaga hayo ya jamii ya Cyathea yamo katika orodha ya mimea ambayo biashara yake baina ya nchi husimamiwa na mkataba wa CITES. Mboji iliyooza vizuri kutoka shambani, ikichanganywa na udongo wa kawaida na mchanga, hukuza miche vyema. Kinachohitajika ni miezi mitatu au minne ya subira na mahali pa kuigeuzia.

Limebaki suala la mahali pa kulitupa kangaga lililong'olewa. Wengine huwarushia mbuzi au sungura. Wasifanye hivyo. Lipo kangaga la nyanda za juu liotalo kwa wingi mahali palipochomwa moto, Pteridium, ambalo ni sumu kwa mifugo. Ng'ombe anayelila kwa muda mrefu hupata uvimbe wa kibofu na kukojoa damu, na sumu yake huweza kupita kwenye maziwa. Farasi naye hupungukiwa na vitamini B1 na kuanza kuyumba. Linalojipanda chunguni kwa kawaida si hilo, lakini majani machanga ya makangaga hufanana, na hakuna haja ya kufanya jaribio kwa mbuzi wa mtu.

Wala lisitupwe mtoni, hasa likiwa limetoka kwenye bwawa la mapambo au tangi la samaki. Kuna kangaga linaloelea majini, Salvinia molesta, ambalo asili yake ni kusini mwa Brazili. Ni zuri machoni, majani yake yana vinyweleo visivyoshika maji, na limesambazwa duniani kwa kiasi kikubwa na watu wapenda mapambo. Halihitaji hata spora. Kipande kimoja kikikatika huwa mmea mpya, na penye joto na maji yenye rutuba huongezeka maradufu kwa siku chache. Hapo jirani, Ziwa Naivasha lilitandwa nalo hadi mashua za wavuvi zikawa hazipiti, na ahueni ilipatikana baada ya kuletwa fukusi mdogo anayelila lenyewe tu. Anayemwaga maji ya tangi la samaki ayamwage shambani, mbali na mfereji, na mabaki ya mimea yaanikwe juani hadi yakauke kabisa kabla ya kutiwa kwenye shimo la mboji.

Mkaazi mwenye kangaga asilolitambua hana haja ya kubeba chungu kizima kwenye matatu. Jani moja lililokomaa, lenye madoa upande wa chini, likunjwe ndani ya gazeti kavu, si mfuko wa plastiki, kwa kuwa ndani ya plastiki huoza kabla ya kufika. Aandike kando yake lilikoota, mmea mwenyeji ni upi, na udongo ulinunuliwa wapi, kisha alipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yake. Mwenye kitalu ambaye kangaga limeota katika mifuko mingi afike na gao moja la udongo pia, uliochukuliwa kabla haujamwagiliwa siku hiyo.